Pikipiki ya kwanza kwa mtu mfupi aliyepata leseni ukubwani: anza na ipi?

Kama umepata leseni ukiwa umeshavuka hamsini na kimo chako ni kifupi, usianze kwa kuuliza cc. Anza na miguu yako. Vaa viatu utakavyoendeshea, egemea ukuta, bana kitabu juu kabisa kati ya mapaja, kisha pima kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Ukipata sentimita 70, siti iliyo sentimita 80 kutoka chini itakuacha ukigusa chini kwa ncha za vidole tu. Hapo ndipo mwendeshaji mpya huanguka kirahisi: amesimama kwenye mteremko au kokoto, pikipiki inainama kidogo, mguu unakosa pa kukanyaga.

Namba ya siti pekee haitoshi, lakini. Siti pana hutanua mapaja na kula urefu wa mguu, hivyo nyembamba ya sentimita 77 yaweza kukufaa kuliko pana ya 74.

Chaguo langu la kwanza ni kabu, yaani pikipiki ndogo yenye uwazi kati ya siti na usukani, mfano Honda Wave ya cc 110. Tangi la mafuta liko chini ya siti, kwa hiyo mguu unaupitisha mbele badala ya kuurusha juu. Mwenye goti au nyonga inayouma ataona tofauti siku hiyohiyo. Haina mkono wa klachi: gia unakanyaga tu, na ukisahau kuzishusha kwenye taa za barabarani injini haizimi. Uzito wake ni karibu kilo 100, na magurudumu ya inchi 17 yanastahimili mashimo. Umbo hili lilianza na Honda Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 Honda ilikuwa imetengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Ila kabla ya kulipa, muulize fundi wa mtaani kwako spea zake atazipata wapi.

Ya pili ni Suzuki GN125, au za Kichina zenye umbo lake. Siti ni ya chini, karibu sentimita 74, usukani unakufuata ulipokaa na mgongo unabaki wima. Klachi unayo, na mwenye baridi yabisi viganjani itamchosha kwenye foleni.

Skuta naiweka ya tatu kwa sababu ya barabara zetu. Haina gia na breki zote ziko mikononi kama za baiskeli, lakini gurudumu la inchi 10 au 12 huzama kwenye shimo ambalo kabu ingelivuka. Kama safari zako zote ni za lami, tuseme Unguja mjini, ipandishe iwe ya kwanza.

Boxer na TVS HLX ni za nne. Spea ziko kila kona na kila fundi anazijua. Tatizo ni kwamba zimeundwa kubeba abiria na mizigo: shokapu ni ngumu, ukiwa peke yako hazishuki. Ukiipenda, mwambie fundi alegeze shokapu za nyuma hadi ngazi ya mwisho na apunguze sponji ya siti kidogo. Usikubali afunge shokapu fupi bila kurekebisha stendi ya pembeni. Stendi itakuwa ndefu mno, pikipiki itasimama wima na kuangukia upande wa pili.

Honda XL na XR, zile za maofisa wa vijijini, ziache hata ukizikuta mnadani kwa bei nzuri. Siti ya XR150L inapita sentimita 82.

Dukani, mwambie muuzaji asiishike. Kaa, ishushe kwenye stendi mwenyewe, irudishe nyuma kwa miguu ukiwa umekaa, kisha shuka uipandishe stendi ya kati kama inayo. Ukishindwa pale kwenye sakafu ya saruji, kwenye mchanga wa nyumbani hutaiweza; jaribu nyingine hata kama umeshaipenda rangi. Na fedha ya kofia ngumu itenge kabla hujaanza kupatana bei.