Gereji ya Tabata: fundi anayepima kwanza

Gari ilikuwa inamisi (injini inakosa kuwaka sawasawa) nikipanda mlima, taa ya cheki injini inawakawaka. Gereji niliyoanzia walinitajia plagi nne na koili nne (koili ndiyo huipa plagi umeme) bila hata kufungua boneti! Huyu kijana wa Tabata alichomeka mashine ya kusoma makosa: P0302, yaani silinda ya pili ndiyo inamisi. Hakunituma dukani. Alibadilishanisha koili ya silinda ya pili na ya tatu, akafuta kosa, tukazunguka mtaa. Ikaja P0303, yaani sasa ni silinda ya tatu. Kosa limeifuata koili, basi plagi na nozeli (ya kupulizia mafuta) hazina hatia. Nikanunua koili moja tu. Kiti cha kusubiria ni tairi, na risiti mpaka umkumbushe. Jumamosi foleni ni ndefu mno, wahi asubuhi.