Miwani ya Kabiru au jahazi la kandambili?

Zote mbili ni takataka za Kenya zilizopata heshima, ila haziheshimiki kwa njia moja.

Miwani ya msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyoipa jina C-Stunners, imeundwa kwa waya, vizibo, vijiko na mabaki ya vifaa vya elektroniki. Ukiitazama kwa karibu unaona kila kipande kilitoka wapi, na hapo ndipo raha ilipo. Babake alimkataza miwani utotoni, akamwambia akiitaka ajitengenezee. Mtoto akatii kupita kiasi! Kuonea nayo ni shida, lakini nani aliivaa ili aone?

Jahazi, liitwalo Flipflopi, ni habari nyingine. Fundi Ali Skanda wa Lamu aliongoza ujenzi wa jahazi hilo la mita 9 kwa plastiki iliyoyeyushwa na kuchongwa kama mbao, kisha likavikwa kandambili zipatazo 30,000 za kuokotwa ufuoni. Lilishushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Kwa ubunifu wa mkono mmoja, nampa Kabiru. Lakini jahazi lilipaswa kuelea, na likaelea.