Uzoefu wangu na gari la pamoja la wagonjwa wa mionzi

Mionzi ya kutibu saratani yenyewe haichoshi kama kuifuata. Mashine ikiwashwa unalala dakika chache, husikii maumivu, unaambiwa vaa uende. Lakini unaifuata Jumatatu hadi Ijumaa, wiki hadi wiki, na uchovu unazidi kadiri tiba inavyosonga. Ndiyo maana niliposikia kuna gari linalowachukua wagonjwa wa nje majumbani, nilijiandikisha bila kuuliza mara mbili.

Safari ya kwenda sina lawama nayo. Dereva hupiga simu kabla ya kufika, hupita kwenye matuta taratibu, na anajua nani asikae nyuma kwa sababu ya kichefuchefu. Mimi natibiwa titi, na mkanda wa kiti ulikuwa ukinikwaruza palepale ngozi ilipoungua. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukunja kitambaa laini cha pamba na kukipachika chini ya mkanda. Kwenye vipeperushi vyote nilivyopewa, hilo halimo.

Kurudi ndiko balaa. Gari haling'oki mpaka wote watimie, na tumechanganywa: mimi nimeshamaliza, mwenzangu bado ana saa kadhaa za dripu ya tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani. Mzee mmoja wa tezi dume hutakiwa aingie kwenye mashine kibofu kikiwa kimejaa. Anakunywa maji kwa saa aliyopangiwa, foleni inachelewa, anashindwa kujizuia, anaanza upya. Simlaumu hata kidogo. Ratiba ndiyo mbovu. Kuna pia wanaopimwa damu wakishafika, chembe nyeupe za kinga zikaonekana zimeshuka, dawa ikaahirishwa. Safari nzima bure, wakati kipimo kingeweza kufanyika jana yake karibu na nyumbani! Na hao hao, wenye kinga dhaifu, wanabanana kiti kimoja na mtu anayekohoa. Vaeni barakoa, fungueni madirisha.

Kabla hujajiandikisha, muulize daktari idadi ya vipindi. Kwa saratani ya titi ilizoeleka kuwa 25. Siku hizi wengi hupewa 15, na utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vipindi 5 ndani ya wiki moja vinatosha. Huenda usihitaji gari kwa muda mrefu.

Nimewapa nyota tatu. Wakitenga gari la mionzi na la dripu, nitaongeza ya nne.