Darubini ya Dobson ya inchi 8 kwa jozi za galaksi hafifu: uzoefu wangu

Darubini hii naitumia karibu kwa kazi moja tu: kusaka galaksi hafifu zinazokaa mbili mbili. Ni darubini ya kioo inayokaa juu ya kitako cha kuzungushwa kwa mkono; haina mota wala kompyuta. Fedha yote imekwenda kwenye kioo cha milimita 200, na kwa galaksi hilo ndilo la maana, kwani kioo hicho hukusanya mwanga zaidi ya mara 800 ya jicho lililokwisha kuzoea giza.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni Antena, yaani NGC 4038 na NGC 4039 (NGC ni orodha ya magimba ya angani) katika kundinyota la Kunguru. Ni galaksi mbili zinazogongana; William Herschel aliziona mwaka 1785. Kwa watazamaji wa Uingereza, Kunguru hubaki chini karibu na upeo wa macho. Sisi wa Dodoma tumependelewa: mwezi Mei, mvua zikishakatika, saa tatu usiku yuko karibu na utosi. Kwa lenzi ya kutazamia ya milimita 25, inayokuza mara 48, naona doa la kijivu tu. Nikiweka ya milimita 10, mara 120, doa linajikunja kama korosho, na nikitulia mpasuko kati ya galaksi hizo hujitokeza. Ile mikia mirefu ya kwenye picha sijaiona, na kwa kioo hiki msiitarajie.

Kwenye kundinyota la Mashuke, NGC 4435 na 4438 hutengana bila shida. Ngumu ni NGC 4567 na 4568. Zimegusana upande mmoja, na umbo la V huja pale tu ninapotazama pembeni kidogo badala ya kuzikodolea. Mwanga wake umesafiri takriban miaka milioni 60, na kila nikiupata moyo hunidunda.

Lenzi ya milimita 10 iliyokuja nayo ni hafifu. Nilinunua nyingine, tofauti ikaonekana papo hapo. Kuielekeza darubini utosini pia ni kazi, maana unaizungusha sana ili isogee kidogo angani. Nasubiri galaksi ziteremke magharibi.

Itoeni nje mapema kioo kipoe, linganisheni vioo vyake vielekeane sawasawa, kisha kaeni gizani nusu saa bila simu. Mbalamwezi ikiwepo, laleni. Katikati ya mji jozi hizi hazionekani, lakini bomba la darubini, kama mita 1.2, hulala kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, hivyo mnaweza kuipeleka penye giza.