Nakala ya picha ya sherehe za Baltimore za 1870: nunua, lakini agiza kubwa

Nakala niliyonunua ni ya lithografia (picha iliyochapwa kwa bamba la jiwe) iliyotolewa na Thomas Kelly mjini New York mwaka 1870, kutokana na mchoro wa James C. Beard. Inaonyesha maandamano ya tarehe 19 Mei mwaka huo mjini Baltimore, ambako maelfu ya Wamarekani Weusi walijitokeza kusherehekea Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyopiga marufuku kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa.

Ukiitazama kwa mbali utaona msafara tu: wapiga ngoma, wapanda farasi waliovaa kofia ndefu, na watu waliosongamana kando ya barabara. Uhondo wenyewe uko pembezoni. Maandamano yamezungushiwa vipicha vidogo, kila kimoja na maelezo yake: masomo, ndoa, ibada, familia iliyo pamoja, watu wanaolima shamba lao wenyewe, sanduku la kura. Kilichonivutia zaidi ni kile cha mwakilishi aliyeketi bungeni, kwa sababu hayo hayakuwa matamanio ya mchoraji. Hiram Revels wa Mississippi, mtu Mweusi, alikuwa ameapishwa kuwa seneta mwezi Februari mwaka huohuo, na sura yake imo juu ya maandamano pamoja na za Frederick Douglass na Martin Delany, viongozi Weusi waliopigania kukomeshwa kwa utumwa. Rais Lincoln na John Brown, Mzungu aliyeshika silaha kupinga utumwa, nao hawakusahauliwa. Kisichoonekana pichani ni kwamba bunge la Maryland, jimbo lenye mji huo wa Baltimore, lilikuwa limeyakataa marekebisho hayo, na halikuyaidhinisha hadi 1973.

Picha ya namna hii husomwa kama gazeti, na hapo ndipo nakala yangu iliponiudhi. Niliagiza ya A3, na maelezo ya vipicha yakawa madogo kiasi cha kuhitaji kikuza maandishi. Muuzaji alitumia karatasi ya kung'aa, hivyo ukiitundika mkabala na dirisha unaona dirisha kuliko picha, tena akakata kingo hadi maandishi ya chini yakaguswa. Rangi, kwa haki yake, zimetoka vizuri.

Kwa anayetaka kununua, ningeshauri A2 au zaidi, karatasi isiyong'aa, na ukingo mweupe uachwe pande zote. Afadhali zaidi ni kupakua faili bure kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani na kulipia uchapishaji tu. Angalia pia maelezo ya kipicha cha ndoa: chapa ya asili ilikosea tahajia ya maneno mawili, kwa hiyo nakala ambayo makosa hayo yamesahihishwa imechezewa, na sioni sababu ya kuilipia.