Gari ya kufungua paa huku Mtwara: ipi ununue, ipi upige nayo picha tu

Msimu wa korosho ukishachanganya, kuanzia Oktoba hivi, hela ya mnada ikianza kusoma kwenye akaunti za watu, madalali wa magari nao wanaamka. Juzi nikatumiwa picha za Mercedes SLK nyeusi imepaki Shangani, paa liko chini, bahari inaonekana nyuma, na maneno ni yale yale tuliyoyazoea, "gari ya mtu mmoja, imetunzwa, haidai hata shilingi". Nikaenda kuiona. Tangu hapo washkaji wananiuliza kila siku kaka, gari ya kifahari ya kufungua paa tuchukue ipi, basi naandika hapa mara moja niache kurudia rudia.

Weka hili kichwani kwanza, gari za namna hii unanunua paa. Injini ikigoma utapata fundi hata pale Chikongola atahangaika nayo mpaka iwake, ila paa likigoma limesimama nusu juu nusu chini na wingu jeusi linakuja kutoka baharini hapo huna wa kumpigia simu. Spea zake hazipo hapa, utaagiza Dar, zaidi ya kilometa 550, ipande basi, na barabara nayo ikiamua kukatika kama ilivyokatika kule Somanga Mei 2024 kipindi cha kimbunga Hidaya basi wewe na turubai mnakuwa ndugu. Halafu cheki kalenda yetu ilivyo na utani, korosho zinakupa hela Novemba, mvua zinaanza Desemba mpaka Aprili. Yani unanunua gari ya kuota upepo wakati mvua nayo iko mbioni kufungua ofisi.

Na chumvi. Gari iliyolala Shangani miaka mitano na pacha wake aliyelala Masasi, mbali na bahari, mi nachukua ya Masasi bila kuuliza bei mara mbili, vumbi jekundu utaliosha, kutu utaoshaje? Angalia vichwa vya betri, angalia plagi za nyaya kwenye buti, ukiona umeota kijani hivi jua hewa ya bahari imeshaingia mpaka ndani na hizi gari paa lake linaendeshwa na sensa na swichi kibao, moja ikidanganya paa zima linagoma.

Haya tupange sasa.

Namba moja naipa Toyota Soarer. Najua umekuja kusoma Benz umekutana na Toyota, tulia. Hii ni ile 430SCV ya 2001 hadi 2005, baada ya hapo Japani wakaibadilisha jina ikawa Lexus SC430 ikaenda mpaka 2010, nchi nyingine ilikuwa inaitwa Lexus tangu mwanzo. Paa ni la bati, aluminiamu, unabonyeza linajikunja lenyewe linalala kwenye buti, na likifungwa huwezi kujua kama ni gari ya kufunguka. Ndani ngozi na mbao, watu walitengeneza sebule. Ila kilichonifanya niiweke juu ni injini, V8 ya 4300cc ile ile ya 3UZ iliyokaa kwenye Celsior na Crown Majesta, na Majesta Bongo zimejaa, kwahiyo mafundi wameizoea na spea mtumba unapata. Ina taimingi belti sio cheni, hesabu zake ni kila kilometa 100,000, na gari nyingi za Japani belti ikibadilishwa fundi anabandika kastika pale kwenye injini kanaonyesha tarehe na kilometa. Kastika hakapo na gari imeshapita laki? Toa gharama ya belti kwenye bei, usione aibu.

Ubaya wake upo pia. Inakunywa mafuta, V8 ni V8, usije ukalia sheli. Siti za nyuma ni za kuwekea kiroba cha korosho, binadamu mwenye miguu hakai. Na ukifungua paa buti linakwisha, begi moja dogo basi.

Namba mbili ndo hiyo SLK, namaanisha umbo la pili, R171, la 2004 hadi 2011. Hapa ngoja nikae kidogo maana ndo zinazouzwa sana.

Nimefika pale, shikamoo mzee, marahaba mwanangu karibu, gari inang'aa kweli kweli, tairi zimepakwa ule mng'ao. Nikaomba afungue paa. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya, jasho likaanza kumtoka, akasema leo betri imechoka kidogo. Nikafungua buti nikakuta kile kipazia kinachotenganisha mizigo na sehemu ya paa hakijavutwa, na SLK kipazia kisipokaa mahali pake paa halisogei hata ulie, ni usalama lisije likaponda mizigo yako. Nikakivuta, akabonyeza, sekunde 22 paa limelala. Mzee kafurahi kuliko mimi. Hiyo ikumbuke kwa pande zote mbili, kuna mtu anauza kwa hasara akidhani paa limekufa kumbe kipazia tu, na kuna muuzaji mjanja paa limekufa kweli anakwambia ni kipazia. Usimpe hela mpaka ulione linafunguka na kufunga mara tatu mfululizo, injini inawaka.

Baada ya hapo nikamwomba ndoo ya maji. Akashangaa, ya nini tena mwanangu imeshaoshwa. Tukafunga paa nikamwaga taratibu pale paa linapokutana na kioo cha mbele, halafu juu ya vioo vya milango, halafu nyuma. Dakika mbili kimya, nikasema labda, mara tone, tone, upande wa abiria. Nikanyanyua kapeti la buti chini nikakuta pana unyevu wa siku nyingi na ile harufu ya mkeka uliolala nje. Raba za paa za kuzuia maji zimekauka, jua letu halina huruma na raba ambazo hazijawahi kupakwa mafuta yake. Hiyo ndo "imetunzwa", rangi imetunzwa kweli, raba hakuna aliyezijali, maana raba haitoki kwenye picha.

Kwenye injini chukua 200 Kompressor, ya 1800cc, inatosha sana kwa barabara zetu na haikuumizi mafuta. Shida yake inajulikana, taimingi cheni inalegea. Nenda asubuhi, mwambie kabisa asiiwashe kabla hujafika, ukifika shika boneti kwanza, ikiwa ya moto ujue kuna kitu amekificha. Ikiwaka ya baridi ukasikia kelele kama shanga kwenye kopo sekunde kadhaa, hiyo ndo cheni. V6, zile 280 na 350 za miaka ya mwanzo mwanzo, mi nakukataza, kuna gia ya balansi shafti, ile ya kutuliza mtikisiko wa injini, ndani huko inalika na kuifikia mpaka injini ishushwe. Taa ya injini ikiwa inawaka na muuzaji anasema "ni sensa tu", mwambie basi abadilishe hiyo sensa tu halafu akuite.

Angalia na madoa ya mafuta kwenye pembe za buti na kwenye kitambaa cha dari, paa la SLK linasukumwa na haidroliki na vile visilinda vyake vikianza kuvuja havijiponyi.

Namba tatu Mazda Roadster, ile wazungu wanaita MX-5. Sio gari ya kifahari nakubali, ila ipo tangu 1989, injini ndogo, haina makuu, za paa la turubai unafungua kwa mkono wako tu, na kitu cha kufungua kwa mkono hakiharibiki motor. Cheki kutu chini ya milango pale pembeni na matundu ya kutolea maji yasiwe yameziba. Kama hela yako ni ya kubana bana na hutaki kulala na presha ungeipandisha hata namba moja, mi nimeishusha kwasababu mlisema kifahari.

BMW Z4 ya kwanza, ya 2003 hadi 2008, nzuri kwa macho, kuendesha tamu, ila motor ya paa wameiweka chini kabisa ubavuni, sehemu maji yanapopita. Majani yakiziba njia ya maji, na huku kila ua una mwembe au mkorosho, motor inaogelea inakufa. Halafu nyingi hazina tairi la spea, zinatumia yale magumu ya kukimbia bila upepo, pasuka nayo njia ya Nangurukuru usiku ndo utanielewa.

Mercedes CLK na BMW 3 series za siti nne nimeziweka mwisho, paa kubwa, motor nyingi, na ukilipata bovu ni gharama ya kiwanja Mangamba. Harusini zinapendeza lakini, we ikodi siku hiyo tu.

Kuijaribu usizunguke mtaani tu. Toka Shangani nenda Mikindani urudi, paa limefungwa, zima redio, pita kwenye matuta polepole usikilize kama paa linalalamika na kama tumbo linagusa chini. Usidanganywe kwenda nayo Msimbati kupiga picha, mchanga ule waachie wenye Land Cruiser.

Karatasi mnajua, kadi halisi sio kopi, namba ya chesesi ilingane, faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA yawe yamelipwa, mkataba kwa mwanasheria, jina libadilishwe TRA. Ukitaka kuagiza mwenyewe Japani piga kwanza hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, karibu zote nilizotaja zimezidi miaka 10 na ushuru wa uchakavu peke yake ni asilimia 30, ndo maana ya hapa hapa yenye namba tayari mara nyingi inakuwa nafuu hata ukiongeza raba mpya. Na hakikisha usukani uko kulia, Japani kuna magari ya Kijerumani mengi ya usukani wa kushoto.

Mzee wa SLK bei yake ilikuwa ya IST mbili na chenji. Nikamkatia hela ya raba zote na ya cheni, tukabaki tunaangaliana, akasema mwanangu hiyo bei hata mke wangu hawezi kunielewa. Nikamwachia namba. Hajapiga bado, na juzi nimeona picha zimewekwa upya, zile zile. Ukitaka kunitangulia nenda tu, ndoo ipo nyuma ya banda la kuku.