Uzoefu wangu na fiziotherapia na jeli ya diklofenaki kwa goti lililosagika

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, nina umri wa miaka 56, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikipanda Milima ya Uluguru kila Jumapili hadi Morningside, kwenye ile nyumba kongwe ya enzi ya Wajerumani, na kurudi mjini kabla ya adhuhuri. Mwaka jana goti langu la kulia lilianza kunigomea wakati wa kushuka. Kupanda niliweza, lakini kila nilipoteremsha mguu kwenye jiwe nilisikia kisu chini ya pia ya goti, na ikifika jioni vile vishimo viwili vya pembeni vilikuwa vimejaa, na nikiweka kiganja juu yake nasikia joto ambalo goti la kushoto halina. Nikaacha mlima, nikaacha ngazi za shule, na hatimaye nikawa naswali nimekaa kitini.

Kabla ya kufika hospitali nilipoteza miezi minne. Majirani waliniambia ute wa magoti umekwisha, hivyo ninywe maji ya bamia. Nilikunywa kwa imani kubwa, na leo naendelea kula bamia kwa kuwa ni mboga nzuri, ila chakula kikishaingia tumboni humeng'enywa, na ule utelezi hauna njia ya kusafiri hadi kwenye goti. Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa vidonge. Duka moja la dawa liliniuzia diklofenaki ya kumeza, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, bila kuniuliza kama nina presha au vidonda vya tumbo, nami nina vyote viwili. Maumivu yalipungua kweli, nikarudi kununua tena na tena, mpaka siku nilipopata choo cheusi kama lami na presha ikawa imepanda. Daktari alinieleza kwamba dawa za kundi hilo hupunguza kinga inayolinda ukuta wa tumbo, huweza kupandisha presha na kuumiza figo, na kwamba mtu mwenye historia kama yangu hapaswi kujinunulia tu. Baada ya eksirei akasema nina osteoathritisi, yaani kile ambacho mtaani tunakiita kusagika kwa magoti, akanipa jeli ya kupaka na kunipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Nianze na jeli, kwa sababu ndiyo ambayo wengi wanaitumia isivyo. Niliyoandikiwa ni diklofenaki ya asilimia 1. Dawa inayoingia kwenye damu kupitia ngozi ni kidogo sana kuliko ya kidonge, takriban asilimia 6, ndiyo maana daktari aliona ninaweza kuitumia chini ya uangalizi wake. Nchini Marekani jeli ya nguvu hiyo iliidhinishwa mwaka 2007, na tangu 2020 inauzwa huko bila cheti cha daktari. Kipimo chake kwa goti ni gramu 4, mara 4 kwa siku. Nilipokamua gramu 4 kwa mara ya kwanza nilishtuka: ni mstari mrefu kuliko kidole changu cha kati, wa kutosha kufunika goti lote mbele, pembeni na nyuma. Zamani nilikuwa napaka tone la ukubwa wa punje ya harage halafu nalalamika kwamba dawa ni feki. Sasa pigeni hesabu: gramu 16 kwa siku maana yake tyubu ya gramu 20 haimalizi siku mbili. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu bidhaa hii, kwa kuwa mshahara wa mwalimu hauwezi kuibeba mwaka mzima. Tulikubaliana niitumie kwa kipimo kamili katika majuma ambayo goti limevimba, kisha niiache likitulia. Kwa matumizi hayo imenifaa sana. Kufikia siku ya tatu au ya nne joto hupungua na ninaweza kufanya mazoezi. Nanawa mikono baada ya kupaka, nasubiri ikauke kabla ya kuvaa, na sehemu iliyopakwa siianiki juani.

Hata hivyo, kilichonirudisha mlimani ni mazoezi. Nilihudhuria vikao 16, viwili kwa juma, kwa shilingi 15,000 kila kimoja, na nililipa mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu. Mara kadhaa niliambiwa nifike saa tatu asubuhi nikaonwa saa tano. Lakini nikishaingia, mtaalamu hakuwa na haraka. Siku ya kwanza niliketi nimeukunja uso nikimwambia kwamba naogopa kulimaliza goti kwa kulitumia. Akachukua sifongo ya kuoshea vyombo, akailowesha, akaikamua, kisha akaiachia ndani ya bakuli nikaona inavyovuta maji. "Mwalimu," akasema, "gegedu lako halina mishipa ya damu. Linakula hivi." Gegedu ni ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Kila tunapokanyaga hubanwa, tunaponyanyua mguu huachiwa na kunyonya ute wenye lishe, hivyo goti lililolazwa miezi mingi linakosa chakula, huku misuli ya paja inayopaswa kulibeba ikizidi kusinyaa. Tulipopima kwa utepe, paja langu la kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita 2.

Mazoezi yenyewe hayana ufahari. Kuinuka kitini na kukaa polepole bila kushika kitu, kulala chali na kuinua nyonga, kupanda na kushuka kidaraja kimoja, kuvuta mguu pembeni kwa utepe wa mpira, na kusimama kwa mguu mmoja wakati napiga mswaki. Zawadi kubwa niliyoipata pale ni kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10. Nikifanya zoezi, maumivu yasiyozidi 5 yanakubalika, mradi kesho yake yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yasiporudi, nimezidisha, napunguza idadi. Kabla ya hapo kila chomo lilikuwa kwangu dalili ya mfupa kuvunjika. Mtaalamu aliniambia kanuni hiyo inatumika pia katika programu ya GLA:D iliyoanzia Denmark mwaka 2013, ambayo huchanganya elimu na vikao 12 vya mazoezi.

Kulikuwa pia na mashine ya umeme na taa ya joto. Zilinipa raha nikiwa bado kitandani, na raha yenyewe ilikuwa imeisha kabla sijafika kituo cha daladala, kwa hiyo baada ya majuma matatu niliomba muda huo wote utumike kwa mazoezi. Soksi ya goti ninaivaa nikishuka mlima tu. Inanipa uthabiti, ila kwa joto la Morogoro kuivaa kutwa ni kujitafutia vipele. Fimbo nilikuwa naishika upande wa goti bovu, kumbe inashikwa mkono wa upande wa pili, na tofauti niliiona ndani ya dakika moja. Uzito nao nimeupunguza kutoka kilo 84 hadi 79, kwa kupunguza sukari ya chai na wali wa usiku. Kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa takriban kilo nne kwenye goti kwa kila hatua.

Ninawasihi wenzangu wasiige matibabu yangu kabla ya kujua ugonjwa wao. Goti langu hukakamaa asubuhi kwa dakika kumi hivi. Mtu anayekakamaa kwa zaidi ya saa nzima, hasa akiwa na uvimbe kwenye vidole vya mikono yote miwili, huenda ana baridi yabisi, ambayo ina dawa zake na haifai kucheleweshwa. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, tena kukiwa na homa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Leo ni mwezi wa saba tangu kikao cha kwanza. Napanda Morningside Jumapili moja na kuiruka nyingine, nikishuka taratibu na fimbo mkono wa kushoto, na mazoezi nayafanya nyumbani mara tatu kwa juma. Kuchuchumaa bado kunanipa shida. Kiti cha kuswalia nimekirudisha mezani. Nasujudu nikiwa nimekunja kanga mara nne chini ya goti, na kuinuka naweza bila kushika ukuta.